Lubumbashi: kuacha bukari siku tatu ni rahisi, kazi inaanza kisha

Rejime ya kuacha bukari, mkate na sukari imeingia ndani ya mazungumzo ya mji: kwenye biro, kwa wasusi wa nywele, kisha misa na kwenye likelemba za wamama. Wengi wanaianza kwa nguvu, wanaiacha kimya kimya. Anayeacha, watu wanasemaka kwamba hana moyo. Lakini ukifuata njia ya bukari tangu mpakani mpaka mezani, unaona kwamba moyo si njo kitu cha kwanza kinachokosekana.

Rejime yenyewe inasema nini?

Chakula kinaleta nguvu mwilini kwa njia tatu kubwa: wanga, mafuta na protini. Wanga, ile waganga wetu wanaita glisidi, iko ndani ya bukari, mkate, mchele, muhogo, viazi, ndizi, sukari na bia. Rejime hii inapunguza wanga na kumwacha mtu ale samaki, nyama, mayai, mboga za majani, karanga na mafuta. Kuko ile ya wastani, ambayo haipite gramu 130 za wanga kwa siku. Na kuko ile kali, keto, inayobakia kati ya gramu 20 na 50.

Si jambo la jana. Mwaka 1863, William Banting, mtu wa London aliyefanya kazi ya kupanga mazishi, alichapisha kijitabu juu ya unene wake. Muganga wake alikuwa amemkataza mkate, sukari, bia na viazi, na kilo zikapungua. Tangu miaka ya 1920 waganga walitumia keto kwa kutunza wagonjwa wa kifafa, sana sana watoto. Mwaka 1972, daktari Robert Atkins wa Marekani alitoa kitabu kilichouzwa sana, na tangu hapo rejime hii inakufa na kufufuka kwa majina mbalimbali.

Kuko jambo moja ambalo video za telefone hazisemi. Banting alikula nyama ama samaki asubuhi, mchana na jioni. Rejime hii ilizaliwa kwenye meza ya mtu aliyekuwa na njia ya kujaza sahani hata pale mkate umeondolewa. Ukiitoa London na kuileta Katuba ama Kenya bila kugeuza kitu, mbele ya yote unapaswa kujibu: bukari ikitoka, nini inaingia pahali pake?

Hesabu ya sahani moja

Gramu 100 za bunga ya mahindi zina karibu gramu 75 za wanga. Bunga ya muhogo inapita hapo, na protini yake ni kidogo sana. Kwa kupikia mtu mzima mmoja donge la kushiba, bunga kavu inaweza kufika gramu 200. Hiyo ni gramu 150 za wanga na kalori zaidi ya 700, mbele hata ya kuhesabu mboga. Kwa maneno mengine, sahani moja tu imekwisha kupita kipimo cha siku nzima cha rejime ya wastani. Kwa keto, matonge machache yanatosha kumaliza siku.

Halafu kuko wanga ya kunywa, ile watu wanasahauka kuhesabu. Chupa ndogo ya sukre, santilita 33, inabeba karibu gramu 35 za sukari, sawa vipande saba. Chupa kubwa ya bia inaleta karibu kalori 300. Chai ya vijiko vinne vya sukari, mara tatu kwa siku, ni gramu 60 za sukari. Hata munkoyo, ambayo wengi wanaona kama kinywaji cha afya sababu ni ya kienyeji, ni mahindi ndani ya maji, na mara nyingi inaongezwa sukari.

Basi mtu anayefanya rejime kwa kuacha bukari, lakini anaendelea na bia mbili za jioni, amefunga mlango na kuacha dirisha wazi. Na yule anayeacha sukari ya chai na sukre peke yake, bila kugusa bukari, amekwisha kufanya kazi kubwa kuliko anavyofikiri, na haikumgharimu hata franka. Kinyume chake, imemwachia.

Bukari ilikuja na kazi

Kwa kuelewa ukubwa wa sahani yetu, inafaa kurudi nyuma kidogo. Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910, kwa jina la Élisabethville, juu ya shaba. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ililisha wafanyakazi wake kwa posho, na bunga ya mahindi ilikuwa kitu kikubwa ndani ya posho ile. Sehemu kubwa ya mahindi ilitoka upande wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Posho ilipimwa kwa kusudi: mtu anayebeba chepeo na kusukuma mawe tangu asubuhi anahitaji chakula cha kumshikilia mpaka jioni. Mwaka 1967 serikali ilichukua kampuni ile, ikawa kisha Gécamines, na posho ikaendelea kuingia ndani ya nyumba za wafanyakazi.

Hivi bukari ikawa zaidi ya chakula. Ilikuwa alama kwamba papa iko na kazi. Mpaka leo mtu anaweza kula mchele, viazi na nyama, kisha akasema hajakula bado, sababu bukari haijapita. Mgeni asiyepikiwa bukari anarudi na la kusema.

Leo kazi imegeuka, sahani haikugeuka. Watu wengi wa mji wanashinda wamekaa: nyuma ya meza sokoni, nyuma ya kioo cha farmasia, kwenye kiti cha taksi, kwenye mashine ya kushona. Wanaenda na moto hata pale miguu ingetosha. Mwili unapokea posho ya mchimba shaba na kufanya kazi ya muuza vocha za telefone. Kinachobaki kinawekwa kiunoni. Si ulafi, ni desturi iliyopimwa kwa kazi ambayo haiko tena.

Mara moja kwa siku

Kuko sababu ya pili, na hiyo inauma zaidi. Gécamines ilipoanguka miaka ya 1990, na kisha wafanyakazi zaidi ya 10,000 kuondoka mwaka 2003 katika mpango wa kuondoka kwa hiari, nyumba nyingi zilizoea kula mara moja kwa siku. Asubuhi chai, kama iko. Mchana vitumbua viwili ama karanga kidogo. Jioni, papa ama mama anaporudi na franka za siku, njo bukari inapikwa, na kila mtu anakula njaa ya siku nzima kwa mara moja, kisha analala.

Mtu wa namna ile ukimwambia "acha kula sana", anakuangalia tu. Kwa hesabu yake, yeye anakula mara moja. Na ni kweli. Lakini ile mara moja ni kubwa, inakuja usiku, na mbele yake kulikuwa vitumbua vya mafuta na chai ya sukari, vitu ambavyo haviitwi chakula.

Rejime ya telefone inamkuta mtu huyu na kumwambia atoe bukari. Akiitoa, siku yake inabaki na nini? Sombe na samaki kidogo, ya kugawanya kwa watu wanane. Siku ya tatu kichwa kinauma, miguu haina nguvu, hasira inapanda. Siku ya nne harufu ya bukari ya jirani inamaliza mambo. Wengi wanaita hiyo kukosa moyo. Jina lake la kweli ni njaa.

Kumbe bunga ni kitu cha bei ya chini kuliko vyote kwa kujaza tumbo, na hata bei yake si ya kutegemea. Haut-Katanga inangojea sana mahindi na bunga ya Zambia. Tarehe 29 mwezi wa pili 2024, rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame wa nchi yake kuwa janga la taifa, na huku kwetu familia zilijua mara moja maana yake. Mwezi wa nane wa mwaka ule, Zambia ilifunga mipaka yake na Kongo kwa siku chache, pamoja na Kasumbalesa, kisha mzozo uliohusu Kinshasa kukataza bia na sukre za inje kuingia. Kwa muda ule, nyumba nyingi zilipunguza bukari bila kuita jambo hilo rejime.

Inafaa kusema wazi: katika Kongo yetu zaidi ya watu milioni 25 wanahesabiwa kuwa katika upungufu mkali wa chakula. Kuzungumza juu ya kupunguza kilo ndani ya nchi ya namna hii kunaweza kuonekana kama mchezo wa matajiri. Lakini njaa na unene vinakaa ndani ya mji mmoja, na mara nyingine ndani ya nyumba moja: mtoto mwenye kwashiorkor na bibi mwenye ugonjwa wa sukari. Wote wawili wanakula sufuria moja, yenye bunga nyingi na mboga kidogo.

"Yaya, umekonda, kuko nini?"

Tuseme mtu amevuka njaa ya siku za kwanza. Kilo nne zimetoka, suruali inalegea, ngazi anazipanda bila kuhema. Pale njo mtihani wa pili unaanza, na hauko ndani ya sufuria. Uko mdomoni mwa watu.

Kwetu, kunenepa ni habari njema. Mwanamke aliyeolewa akinenepa, wanasema bwana anamtunza. Mwanaume akipata tumbo, wanamwita patron. Mtu akikonda, maswali yanaanza: "Yaya, umekonda, kuko nini?" Kama ni mama, wanauliza chini chini kama ndoa ina matatizo. Kama ni papa, wanauliza kama kazi imekufa. Na wote wawili, kuko watakaotaja sida, ama kifua kikuu. Kongo ilijua sida tangu miaka ya 1980, na kizazi chote kiliona watu wakikonda na kwenda. Hofu ile haijatoka machoni mwa watu.

Nguvu ya jambo hili inaonekana pia upande wa pili. Mjini Kinshasa, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha watu wakimeza cyproheptadine, dawa ya mzio, kwa kusudi la kuongeza hamu ya kula na kunenepa. Basi inatokea kwamba duka moja linauza kidonge cha kunenepesha kwa binti, na chai ya kukondesha kwa shangazi yake. Chai nyingi za namna ile zinaharisha tu. Kinachotoka ni maji, na mafuta yanabaki pahali pake.

Mtu anayefanya rejime peke yake, bila kuambia mtu wa nyumbani, anabeba maneno haya yote peke yake. Siku mama mkwe anapomwekea donge la pili na kusema "kula, mwanangu, usituletee haya", hana jibu. Akikataa ni dharau. Akila, anajiona ameshindwa. Ndiyo maana waliodumu, mara nyingi ni wale waliozungumza mapema na bwana ama bibi, na watoto, na hata na mama mkwe: muganga alipima sukari ya damu, ama tension, na amesema ni lazima kilo zipungue. Neno la muganga linafunga midomo ambayo neno "rejime" linaifungua.

Mizani inadanganya mara mbili

Kitu kingine kinachovunja moyo ni mizani, ama balansi kama wengi wanavyoiita. Wiki ya kwanza ya kupunguza wanga, mtu anaweza kupoteza kilo mbili kwa haraka, na anashangilia. Ukweli ni kwamba mwili unaweka akiba ya wanga ndani ya ini na misuli, karibu nusu kilo, na kila gramu ya akiba ile inashikilia karibu gramu tatu za maji. Wanga ikipungua, akiba inatumika na maji yanatoka. Mafuta yenyewe yametoka kidogo tu.

Wiki ya tatu mizani inasimama. Kisha inakuja kilio cha jamaa ama ndoa, mtu anakula bukari kama wengine, na asubuhi mizani inaonyesha kilo moja na nusu zimerudi. Anasema: "Kazi yote imekufa." Haikufa. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni karibu kalori 7,700. Sahani moja ya ziada, ya kalori 700, ikibaki yote mwilini haifike hata gramu 100 za mafuta. Zile zingine ni maji yaliyorudi kwenye ghala lake. Hatari haiko kwenye sahani ya kilio, iko kwenye juma moja linalofuata, pale mtu anapokula kwa hasira sababu anafikiri amekwisha kuanguka.

Hesabu ile ile inafundisha uvumilivu. Anayepunguza gramu 100 za bunga kavu kwa siku anaondoa kalori karibu 360. Kwa karatasi, hiyo ni kilo moja kwa wiki tatu, na kisha mwendo unapungua zaidi, sababu mwili mwepesi unahitaji chakula kidogo. Anayengojea kilo kumi kwa mwezi mmoja ataacha mbele ya kuona matunda. Na hapa kuko mtego: kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori karibu 120. Vijiko vitatu vya ziada ndani ya sombe vinarudisha yote yaliyoondolewa kwenye bukari. Mafuta ya mawese, ambayo video za keto zinapenda, karibu nusu yake ni mafuta ya aina ile inayoongeza kolesteroli mbaya.

Kwa sababu hii, kamba ya kiuno inasaidia kuliko mizani. Mita ya fundi wa kushona inatosha, mara moja kwa wiki mbili, asubuhi mbele ya kula. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema hatari inaanza kupanda kiuno kikipita santimeta 94 kwa wanaume na 80 kwa wanawake, na inakuwa kubwa zaidi kisha 102 na 88. Santimeta mbili zilizotoka kiunoni hazirudi sababu ya sahani moja ya kilio.

Rejime gani inashinda?

Watafiti wa Stanford, Marekani, walitoa jibu mwaka 2018. Walichukua watu 609 na kuwagawa kwa vikundi viwili kwa mwaka mmoja: kimoja kilipunguza wanga, kingine kilipunguza mafuta. Vyote viwili viliambiwa kula mboga nyingi na kuacha sukari na bunga iliyosafishwa sana. Mwisho wa mwaka, waliopunguza mafuta walipoteza kilo 5.3, waliopunguza wanga kilo 6.0, kwa wastani. Tofauti ile ni ndogo, haitoshi kusema kwamba upande mmoja umeshinda. Lakini ndani ya kila kikundi kulikuwa waliopoteza zaidi ya kilo 20, na kulikuwa walioongeza.

Mwaka 2005 utafiti mwingine wa Marekani ulikuwa umelinganisha rejime nne zenye majina makubwa, pamoja na ile ya Atkins. Kilichotofautisha watu hakikuwa jina la rejime, ni nani aliifuata na nani aliiacha.

Na si lazima kukonda sana kwa kupata faida. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2002, wa watu zaidi ya 3,200 waliokuwa karibu kushikwa na ugonjwa wa sukari, uliweka lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito, na kutembea ama kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Kwa muda wa karibu miaka mitatu, waliofuata njia ile walishikwa na ugonjwa kwa asilimia 58 chini ya wale ambao hawakuisaidiwa hivyo. Kwa mtu wa kilo 80, asilimia 7 haifike kilo sita. Na chakula cha utafiti ule kilipunguza mafuta, si wanga. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuona bukari kama adui wa kufukuzwa kabisa. Swali ni ukubwa wa donge.

Nani asianze peke yake

Kuko watu ambao kwao kuacha bukari kwa ghafla kunaweza kuleta hatari ya kweli. Mgonjwa wa sukari anayejichoma insulini, ama anayemeza glibenclamide, dawa yake imepimwa kufuatana na chakula anachokula. Akiondoa bukari na kubakiza dawa ile ile, sukari ya damu inaweza kuanguka: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kuzimia. Inafaa aonane na muganga kwanza, dawa ipangwe upya. Asiache dawa kwa akili yake mwenyewe pia.

Mama mwenye mimba, mama anayenyonyesha, na mtu mwenye ugonjwa wa figo wasijaribu rejime kali. Watoto wanaokomaa hawapaswi kuingizwa ndani ya rejime ya wazazi. Na mtu anayekonda bila kufanya kitu chochote, huku anakohoa, ana kiu sana ama anakojoa mara nyingi, asifurahie. Aende kupimwa haraka. Pale swali la jirani, "kuko nini?", ni swali la haki.

Donge dogo, mboga kubwa

Kwa hali ya mji wetu, njia inayoweza kudumu ni ile isiyogawanya nyumba. Mama anayepika sufuria mbili, moja yake na moja ya watoto, atachoka, na makala hayatatosha. Na kuko swali la haki ndani ya sufuria: kama mwenye rejime anaacha bukari na kuchukua vipande vitatu vya tomson, mtoto gani atakosa kipande chake? Rejime ya mtu mzima isilipwe na protini ya mtoto.

Kinachoweza kuongezeka bila kuvunja mfuko ni majani. Lengalenga, matembele, sombe, kabichi na bamia vinajaza sahani, vina wanga kidogo kuliko bunga, na vinapikwa kwa nyumba nzima. Sahani inaweza kugeuzwa hivi: nusu yake mboga za majani, robo samaki, mayai, ndagala, vinkubala ama maharagi, na robo bukari. Maharagi yana wanga, ni kweli, na mtu wa keto atayakataa. Lakini yana protini na nyuzi zinazoshibisha muda mrefu, na bei yake iko mbali na bei ya nyama. Kwa mtu wa Lubumbashi anayetaka kupunguza wanga na si kuiua, maharagi ni rafiki. Karanga za kusaga ndani ya mboga pia zinafaa, kwa kiasi, na pale zikiingia mafuta yapunguzwe.

Kupunguza donge kwa theluthi moja kila wiki mbili, mpaka libaki nusu, hakuleti kichwa kuuma kama kuacha mara moja. Kugawanya ile mara moja ya jioni pia kunasaidia: kama kuko njia, sehemu ya maharagi ya jana iliwe mchana pahali pa vitumbua, njaa ya jioni itakuwa ndogo na donge pia. Kutembea kwa miguu dakika 30, mara tano kwa wiki, kunafika zile dakika 150. Kwa wengi ni kushuka kwenye taksi vituo viwili mbele ya nyumbani, na franka inabaki mfukoni.

Na kwa moyo, mji huu tayari una chombo chake. Likelemba inafanya watu watoe pesa kila wiki kwa miaka, bila polisi wala karatasi, sababu wenzako wanakungojea na haya ya kukosa ni kubwa kuliko uzito wa kutoa. Kikundi cha wamama kumi wanaokutana kila jumapili kinaweza kuongeza jambo moja: mita ya kupima kiuno, na daftari. Aliyeongeza asichekwe, aulizwe juma lake lilikuwa namna gani. Vikundi vya futingi vya asubuhi vinafanya kazi kwa nguvu ileile: mtu anaamka sababu kuko anayemngojea barabarani.

Ugonjwa wa sukari hauna huruma na mfuko. Unaleta dawa za kila siku mpaka kufa, vidonda vya miguu visivyopona, macho yanayofifia, figo zinazochoka, na mara nyingi familia inajua mwisho, pale mgonjwa amekwisha kuanguka. Kupima sukari ya damu kunachukua tone moja la damu na dakika chache kwenye kituo cha afya. Mwenye kiuno kinachopita vipimo vilivyotajwa hapa juu, ama mwenye mzazi aliyekuwa na ugonjwa huu, aanzie pale, mbele ya kugusa sahani yake. Akijua namba yake, atajua pia anapunguza bukari kwa sababu gani, na siku ya harufu ya jirani atakuwa na jibu la kujipa.